Alipandishwa na Nani? Barua ya Wazi Kuhusu Idi Amin

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya elimu na ya mambo ya kale,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na Jamhuri ya Uganda.

YAH: KUFUNDISHWA KWA HABARI ZA IDI AMIN SHULENI, NA KUFUNGULIWA KWA KUMBUKUMBU ZA UTAWALA WAKE

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari mkoani Kagera, ng'ambo ya kaskazini ya mto, kwenye ardhi ambayo mwanzoni mwa Novemba 1978 serikali ya Idi Amin ilitangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Naandika kuhusu namna tunavyomfundisha mtu huyo. Mtanisamehe kwa urefu wa barua. Mambo yenyewe hayafupishiki.

Huku kwetu Tanzania, Amin anaingia darasani Oktoba 1978 na kutoka Aprili 1979. Anaingia na vifaru, daraja la Kyaka linavunjwa, Mwalimu Nyerere anasema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, vijana wanaondoka, Kampala inaanguka, kengele inalia. Jina lake hutanguliwa na "nduli" kana kwamba ndilo alilopewa na wazazi. Wanafunzi hufurahi, na mimi hufurahi nao, maana ni habari ya kweli na mwisho wake unapendeza. Lakini hakosekani mmoja wa kuuliza: mtu asiye na elimu, aliyeingia jeshini akiwa msaidizi wa mpishi, alifikaje Ikulu? Hapo kitabu hakina jibu.

Wakati sisi tumenyamaza, simu zinazungumza. Vijana wanatumiana picha za Amin akipiga akodiani, na ile ya mwaka 1975 anayoonekana amekaa kwenye kiti kilichobebwa mabegani na wafanyabiashara wa Kizungu. Chini ya picha wanaandika kwamba huyu ndiye aliyempa Mwafrika uchumi wake, na kwamba akina sisi tulidanganywa. Ukiwajibu kwa neno "nduli" wanacheka. Wana haki ya kucheka, kwa sababu hilo ni tusi tu, na swali lao linabaki pale pale.

Mwaka 2023 Rais Museveni alikataa kusajiliwa kwa taasisi iliyokusudiwa kubeba jina la Amin na kushughulika na habari za utawala wake. Kuhusu jina, niko naye. Hakuna mjane wa mwaka 1972 anayestahili kupita mbele ya bango la namna hiyo. Kuhusu kuuchunguza utawala wenyewe, kwa heshima zote, tunatofautiana, na nitaeleza sababu.

Amin alijiunga na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, mwaka 1946. Alikuwa na umbo kubwa, nguvu, utii kwa wakubwa wake na ucheshi, sifa ambazo maofisa wa Kiingereza walizithamini kuliko kusoma na kuandika. Akawa bingwa wa ndondi wa uzito wa juu wa Uganda tangu 1951 hadi 1960. Alipelekwa Kenya kupambana na Mau Mau. Mwaka 1959 akapewa cheo cha effendi, kilichokuwa kikomo cha Mwafrika jeshini, na 1961 akafanywa luteni. Yeye na Shaban Opolot walikuwa Waganda wa kwanza kupata kamisheni. Uhuru ulikuwa mlangoni, maofisa weusi hawakuwa wameandaliwa, na mkoloni akawapandisha wale aliokuwa nao mkononi.

Sasa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki alijue kabla hajalijua daraja la Kyaka. Mwanzoni mwa 1962 Luteni Amin alitumwa na askari wake Turkana, kaskazini mwa Kenya, kuzima wizi wa mifugo. Baada ya operesheni wananchi walilalamika. Miili ikafukuliwa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba watu walikuwa wameteswa na kupigwa hadi kufa. Wakuu wa serikali ya kikoloni Kenya walitaka ashtakiwe. Suala likamfikia Gavana wa Uganda, Sir Walter Coutts, naye akalipeleka kwa Waziri Mkuu Milton Obote, kwa kuwa zilibaki wiki tu, au miezi michache, kabla bendera haijabadilishwa. Kumfikisha mahakamani mmoja wa maofisa wawili weusi wa nchi, wakati kama huo? Obote akashauri apewe karipio kali. Coutts alikubali, ingawa alionya kwamba ofisa huyu angekuja kuleta matatizo.

Nawaomba mlitazame hilo kwa makini, Waheshimiwa. Mezani palikuwa na faili. Ndani ya faili mlikuwa na maiti. Waliokaa mezani hawakuwa wendawazimu. Walikuwa wasomi na kila mmoja alikuwa na hoja. Gavana hakutaka kuonekana anaingilia serikali ya weusi dakika za mwisho. Waziri Mkuu hakutaka kuanza uhuru kwa kumfunga ofisa wake mwenyewe. Wafugaji wa Turkana hawakuwa na mtu mezani pale. Ngazi ambayo Amin aliipanda hadi juu ilishikiliwa na watu waliovaa tai, na kile cha 1962 ndicho kipandio ambacho kingeweza kung'olewa kwa saini moja.

Miaka miwili baadaye, Januari 1964, askari waliasi kambi ya Colito kule Dar es Salaam, na siku chache tu zikapita, Jinja nako, Uganda, wakaasi. Kote Waingereza waliitwa kuzima. Tofauti ni kilichofuata. Tanganyika ililivunja jeshi zima ikaanza upya, na Septemba mwaka huo JWTZ ikazaliwa. Uganda iliongeza mishahara, na Amin akazidi kupanda vyeo. Huwa nawapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne swali la kulinganisha maamuzi hayo mawili. Majibu yao hunifundisha zaidi ya nilichoandika ubaoni. Kuna binti alisema kwamba serikali iliyomnunua askari mara moja itaendelea kumnunua, na bei haitashuka. Sikuwa na la kuongeza.

Halafu ikaja dhahabu. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama bungeni Kampala akiwa na taarifa ya akaunti ya benki ya Amin, akitaka aelezwe fedha zile zilitoka wapi, kama si katika dhahabu na pembe za ndovu za Kongo. Bunge karibu lote liliunga mkono Amin asimamishwe na achunguzwe. Obote, ambaye jina lake pia lilitajwa, akajibu kwa namna nyingine: tarehe 22 Februari mawaziri 5 walikamatwa wakiwa kwenye kikao cha baraza, katiba ya 1962 ikasitishwa, na Amin akakabidhiwa uongozi wa jeshi. Tarehe 24 Mei akatumwa kulishambulia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, liitwalo Lubiri, huko Mengo. Kabaka Mutesa II, aliyekuwa rais wa nchi hadi miezi michache kabla, aliruka ukuta akakimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969.

Nimewahi kuingia Lubiri kama mgeni yeyote anayelipa kiingilio. Baada ya shambulio kasri liligeuzwa kambi ya jeshi, na ubavuni mwa kilima kuna handaki la saruji. Unateremka, baridi inakupokea. Vyumba viko kushoto, vimeinuliwa juu ya njia, havina dirisha hata moja. Anayekutembeza anakueleza kwamba njia ile ilijazwa maji yaliyopitishwa umeme, ili anayejaribu kutoka asifike mlangoni. Ukutani kuna alama za viganja na maandishi ya mkaa. Watalii niliokuwa nao walipiga picha wakatoka. Hakuna aliyeelezwa kwamba mtu aliyeliteka kasri hilo alilitekea serikali halali, kwa amri iliyotoka ofisini, na kwamba mtoa amri mwenyewe miaka mitano baadaye alikuwa mkimbizi nyumbani kwetu Dar es Salaam.

Maana tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, askari walichukua madaraka na redio ikasoma sababu 18. Watu wa Kampala walijaa barabarani wakishangilia kwa dhati. Tuwafundishe wanafunzi hilo pia bila aibu. Obote alikuwa amewachosha. Uingereza ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kumtambua mtawala mpya. Israeli, iliyokuwa imelifundisha jeshi lake, nayo ilifurahi. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua, na kwa hilo anastahili sifa tunazompa.

Miezi ile ya kwanza Amin alijua sana kufurahisha. Aliurudisha mwili wa Mutesa ukazikwa Kasubi kwa heshima zote, akawashika Waganda mioyo. Aliwafungulia wafungwa wa kisiasa. Alisema yeye ni askari tu, siasa hazijui, na madaraka atayarudisha kwa raia. Wakati huo huo, katika kambi za Jinja, Mbarara na kwingineko, na katika gereza la Mutukula hapa mpakani kwetu, askari wa Kiacholi na Kilango walikuwa wanauawa kwa mamia. Waliokuwa wanashangilia Kampala hawakuyaona, na baadhi ya waliojua walidhani ni mambo ya wanajeshi wenyewe kwa wenyewe.

Kama ningepewa kipindi kimoja tu cha kumfundisha Amin, ningelifundisha jina la Benedicto Kiwanuka na kuacha yote mengine. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda kabla ya uhuru. Obote alimfunga mwaka 1969. Amin alimfungua, na mwaka 1971 akamteua kuwa Jaji Mkuu. Kiwanuka aliikubali kazi akiamini kwamba sheria inaweza kufanya kazi hata chini ya mwanajeshi. Septemba 1972 mahakama yake iliamuru kuachiwa kwa Mwingereza aliyekuwa amewekwa kizuizini na jeshi. Tarehe 21 ya mwezi huo watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu, Kampala, mchana kweupe, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini kwake, wakaondoka naye. Hakurudi. Makarani walikuwepo, mawakili walikuwepo. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Naye hakurudi.

Kuhusu uchumi aliompa Mwafrika, nitaongea na wale vijana wa simu moja kwa moja. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Zaidi ya watu 50,000 walihama, karibu 27,000 kati yao wakapokelewa Uingereza. Ni kweli kwamba biashara ilikuwa mikononi mwa wachache na kwamba Waganda wengi waliyatazama maduka hayo kwa macho tu kila siku. Chuki hiyo haikuzuliwa na Amin, aliikuta. Lakini maduka yalipogawiwa, waligawiwa nani? Maofisa wa jeshi na marafiki zao. Mitaani wakaitwa mafuta mingi. Yapo masimulizi mengi ya mtu kukabidhiwa duka la nguo na kuitafuta bei kwenye kola ya shati, akiuza kwa namba ya saizi aliyoikuta pale. Kama ni utani au kweli, unaonyesha wananchi waliwaonaje matajiri wao wapya. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi viliporomoka, sukari ikawa ya magendo katika nchi iliyokuwa inaiuza nje. Mwafrika aliyepewa uchumi alikuwa amevaa magwanda.

Mbona basi alidumu miaka 8? Jibu moja ni hofu, na ofisi za vyombo vya usalama za Nakasero na Naguru walizifahamu wote. Jibu la pili halipendezi kwa wakubwa wa dunia: kahawa. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei, na kahawa ya Uganda iliendelea kununuliwa. Marekani ilifunga ubalozi wake Kampala mwaka 1973, lakini kampuni zake zilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa hadi Bunge lao lilipopiga marufuku mwaka 1978. Ndege zilipaa kwenda Stansted, Uingereza, zikarudi na wiski na bidhaa za anasa za kuwatuliza askari. Jibu la tatu ni sisi Waafrika. Julai 1975, baada ya yote hayo, wakuu wa nchi za OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walikwenda Kampala wakamfanya mwenyekiti wao. Tanzania, Zambia na Botswana zilisusa. Waliobaki walipiga picha.

Ya Askofu Mkuu Janani Luwum mnayajua. Tarehe 16 Februari 1977 alikamatwa pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na kesho yake serikali ikatangaza ajali ya gari. Maiti zilikuwa na matundu ya risasi. Alizikwa kwao Mucwini, wakati Namirembe waumini walisimama kando ya kaburi lililochimbwa na kubaki tupu. Uganda imeifanya siku hiyo kuwa ya mapumziko ya kitaifa, jambo jema, ila siku ya mapumziko haielezi kwa nini Idara ya usalama ya nchi iliweza kumuua askofu mkuu na kuajiri mtu wa kuandika taarifa ya ajali.

Sitachukua nafasi kubwa kuhusu vita; hilo tunalijua kwa kulala na kuamka. Kufikia 1978 jeshi la Amin lilikuwa limegawanyika, makamu wake Mustafa Adrisi ameumia katika ajali ya gari ambayo watu wake hawakuiamini, na Oktoba vita vikaingia kwetu. Eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800 lilikaliwa. Ng'ombe waliswagwa, mabati yaling'olewa juu ya nyumba. Amin akatania kwamba yeye na Nyerere wamalize kwa ngumi, refa awe Muhammad Ali. Wanamgambo waliitwa kutoka kila mkoa. Mutukula ikatwaliwa Januari 1979, Masaka na Mbarara Februari, Walibya waliokuja kumsaidia wakavunjwa Lukaya mwezi Machi, na tarehe 11 Aprili Luteni Kanali David Oyite-Ojok akatangaza redioni kwamba Kampala imekombolewa. Waganda bado wanakumbuka mlio wa makombora waliyoyaita sabasaba.

Lakini kuna kurasa ambazo upande wetu huziruka, na naomba Wizara yetu iwe na ujasiri wa kuziandika. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote waliivamia Uganda wakitokea Tanzania. Walishindwa vibaya, na sehemu ya mpango wao ilikufa pale ndege ya East African Airways waliyoiteka Dar es Salaam ilipopasuka matairi Kilimanjaro. Waganda wengi waliuawa baada ya hapo kwa kushukiwa kuwa na Obote. Mkataba wa Mogadishu ulitiwa saini mwezi uliofuata ili yasirudiwe. Kitabu kikianza na 1978, mtoto wa Tanzania hawezi kuelewa kwa nini mtoto wa Uganda ana maswali. Hivyo hivyo Masaka. Mji ule ulipigwa mizinga na kubomolewa mwaka 1979 kwa hasira za Kagera, na watu waliobomolewa nyumba zao hawakuwa wamevamia mtu. Kusema hivyo hakumpunguzii heshima yoyote askari aliyelala kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya.

Upande wa Uganda pia kuna ukurasa unaorukwa. Kuanguka kwa Amin hakukuiondoa ile ngazi. Yusuf Lule, aliyechaguliwa Moshi Machi 1979, alikaa madarakani siku 68. Akafuata Godfrey Binaisa, naye akaondolewa na Tume ya Kijeshi. Desemba 1980 ukafanyika uchaguzi uliomrudisha Obote, na Luwero ikawaka moto. Makumi ya maelfu ya watu waliokufa huko hawakuuawa na Amin, ambaye wakati huo alikuwa uhamishoni. Alipitia Libya, akatulia Saudi Arabia, mwaka 1989 akajaribu kurejea kupitia Kinshasa akarudishwa, na tarehe 16 Agosti 2003 akafa hospitalini Jeddah bila kusimama mbele ya hakimu yeyote. Idadi ya waliouawa chini yake hutajwa kuanzia 80,000 hadi 300,000 na zaidi. Tofauti ya zaidi ya watu 200,000, Waheshimiwa, ni kipimo cha kazi ambayo hamjaifanya.

Kwa hiyo naomba hivi. Mtaala mpya wa Historia ya Tanzania na Maadili unafundishwa kwa Kiswahili, nayo Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Taasisi zetu mbili za mitaala zinaweza kabisa kukaa pamoja na kuandika sura moja ya kitabu, moja tu kwa kuanzia, itakayosomwa Bukoba na Mbarara kwa maneno yale yale, ikianzia Turkana 1962. Najua Kiswahili kina doa lake Uganda. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wazima wa Kampala walikizoea kwenye vizuizi vya barabarani, kikisemwa na mtu mwenye bunduki. Hilo nalo liandikwe kwenye sura hiyo.

Ripoti ziwekwe mahali ambapo mwalimu wa kijijini anaweza kuzifikia kwa simu. Mwaka 1974 Amin mwenyewe aliunda tume chini ya Jaji Mohammed Saied kuchunguza watu waliopotea. Tafakarini: mtawala anaunda tume ichunguze vyombo vyake, mashahidi wanajitokeza na kusema, na utawala unaendelea kama kawaida. Hakuna somo la uraia linaloweza kulishinda hilo. Tume ya Jaji Arthur Oder, iliyoundwa 1986, ilisikiliza mashahidi kuhusu miaka yote tangu 1962 na ripoti yake ikatoka 1994. Zote mbili ziwekwe mtandaoni bure, na angalau muhtasari wake utolewe kwa Kiswahili.

Kuna picha pia. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha picha zilizopigwa na wapiga picha wa serikali ya Amin, ambazo hasi zake zilikuwa zimekaa miaka mingi katika shirika la utangazaji la taifa. Ni maelfu kwa maelfu. Zinaonyesha mikutano, gwaride, karamu, waliofunguliwa mashtaka ya magendo. Nyumba za mateso hazimo, kwa sababu hakuna aliyetumwa kuzipiga picha. Maonyesho hayo yaletwe Bukoba na Mutukula. Sisi tutatafuta ukumbi, hilo msiwe na wasiwasi.

Na wazee wafikiwe haraka. Aliyekuwa na miaka 20 alipovuka Kagera anakaribia 70 sasa. Hapa Misenyi wapo wanamgambo ambao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote mwenye kinasa sauti; wapo akina mama waliovuka mto usiku na watoto mgongoni; ng'ambo ya Mutukula wapo Waganda waliowaficha majirani wa Kiacholi, na wapo pia waliokuwa askari wa Amin, ambao wanazeeka kimya kama wengine. Nchi nzima iliombwa kufunga mikanda miezi 18 kulipia vita ile, na mikanda ikakaa imefungwa zaidi ya hapo. Gharama ya kuwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu wakati wa likizo wakiwa na simu na daftari ni ndogo mno kulinganisha na hiyo. Walimu wa pande zote mbili tuko tayari kuwapokea na kuwatafutia mahali pa kulala.

Ombi la mwisho linahusu walimu wenyewe. Mwalimu anayefundisha kwamba Obote alimlinda Amin, kwamba Uingereza ilimpandisha, kwamba OAU ilimpa kiti, na kwamba umati ulishangilia, ataulizwa na mwanafunzi kuhusu watu walio hai na serikali zilizopo. Hataweza kujibu kwa uhuru kama anajua kwamba jioni ataitwa ofisini kujieleza. Toeni waraka, wenye saini na muhuri, unaosema kwamba kujadili maamuzi ya viongozi waliopita na waliopo, kwa ushahidi, ni sehemu ya somo la historia. Waraka huo nitauweka kwenye kava la plastiki na kuubandika ofisi ya walimu.

Nasubiri majibu yenu kwa njia yoyote mtakayoona inafaa.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa historia, shule ya sekondari,
Mkoa wa Kagera.

Nakala: Katibu Mkuu, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha.